Unga Uliopata Ujana

Kila alasiri, baada ya kula na kunywa chai yake, Golbahar alijifunga kitambaa chake cheusi kichwani, akapitia karakana ya kumenya kamba wa baharini alikofanya kazi mama yake, na kutoka na mfuko wa maganda. Mfuko ulinuka. Paka wa mtaa ule wa mji wa Bushehr walikwisha kumzoea, wakawa wanamsindikiza mpaka kwenye kona ya duka la mikate.

"Pisheni, pisheni! Malkia wa Maganda anapita!" alipaza sauti Mzee Kazem, mwoka mikate, kila alipomwona.

"Cheka tu, Mzee Kazem," alijibu Golbahar. "Siku nitakapokuwa mashuhuri utanipa mikate ya bure."

"Nitakupa leo leo, ilimradi upite upesi. Harufu yako inanifukuzia wateja!"

Kweli alimrushia kipande cha mkate wa moto, na Golbahar akaenda zake akitafuna. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na kwake hapakuwa na saa tamu kuliko hiyo. Alikuwa akienda Nyumba ya Utafiti, mahali ambapo wanafunzi wa shule za mji ule walifanya majaribio ya sayansi baada ya masomo. Huko walimngojea watu wawili. Mmoja alikuwa Sudabe, rafiki yake tangu shule ya chekechea, msichana mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Mwingine alikuwa Mwalimu Mandana, mwalimu wa kemia, mama mwenye ulimi wa utani na macho yasiyopitwa na kitu.

Maganda yale ya kamba yalikuwa na kazi kubwa. Wasichana waliyaosha, wakayakausha na kuyasaga, kisha Mwalimu Mandana akayasafisha kwa dawa mpaka yakawa unga mweupe uitwao kitosani. Hiyo ni polima ya asili, yaani kitu kilichojengwa kwa molekuli ndefu kama mnyororo, na kamba huumba mwenyewe malighafi yake bila kiwanda. Halafu waliuchanganya ule unga na chembe ndogo mno za chuma. Uligeuka mweusi, na sumaku ikaweza kuuvuta. Unga huo mweusi ulikuwa kichocheo.

"Kichocheo ni mshenga," Mwalimu Mandana alipenda kusema. "Anawakutanisha wawili, wanaoana, yeye anatoka na kwenda kutafuta wengine. Mshenga haolewi!"

Wawili waliooana hapo walikuwa kimiminika kinachonukia lozi na chumvi moja nyeupe ambayo Mwalimu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuigusa. Ndoa yao ilizaa fuwele nyeupe, za aina wanayoanzia watengeneza dawa. Kwingine kazi kama hiyo hufanywa kwa kemikali kali ambazo baadaye humwagwa, na wanaokuja kuzinywa ni samaki. Wasichana wale walitumia maji, spiriti kidogo, na unga wa maganda yaliyokuwa yakitupwa jalalani.

Raha yenyewe ilikuwa mwishoni. Sudabe alichukua sumaku nzito, aliyoitoa baba yake Golbahar kwenye spika iliyokufa, akaiweka ubavuni mwa chupa ya kioo. Unga wote mweusi ulikimbilia upande huo kama kuku walioona mtama. Wakamwaga maji yenye fuwele kwenye chombo kingine, unga ukabaki umeng'ang'ania kioo. Waliuosha, wakaukausha na kuupima, kisha wakautumia tena.

"Njooni, watoto, njooni!" Sudabe aliuita unga kila mara, na kila mara Golbahar alicheka kana kwamba hajawahi kuusikia utani huo.

Kulikuwa na sharti moja. Unga ulipaswa kutumika mara tano, na mara ya tano bado utoe fuwele zisizopungua themanini kwa mia ya zile zilizotarajiwa. Kundi lililotimiza hayo lingekwenda kwenye maonyesho ya sayansi katika mji wa Shiraz, wiki moja kabla ya mwaka mpya wa Noruz. Golbahar aliitaka safari hiyo kwa moyo wake wote, na sababu yake haikuwa sayansi peke yake. Baba yake Sudabe alikuwa amehamishiwa kazi Tabriz, kaskazini kabisa mwa nchi. Noruz ikiisha, familia nzima ingehama. Safari ya Shiraz ingekuwa yao ya kwanza pamoja, na huenda ya mwisho.

Nyumbani, bibi yake Golbahar alikuwa ameanza kuitikisa nyumba kwa usafi, kama ilivyo ada kabla ya Noruz. Mazulia yalitolewa nje, mapazia yakaloweshwa, na kila kabati likatapika vitu vyake. Ndani ya kabati moja bibi alikuta kijikasha alichokuwa amekificha.

"Hii ilikuwa zawadi yako ya Noruz, lakini ya nini kuificha tena? Chukua," alisema.

Kilikuwa kibanio cha kitambaa cha kichwa, vifungo viwili vidogo vyeusi vya sumaku vinavyong'ang'aniana, kimoja juu ya kitambaa na kingine chini yake.

"Pini zinakutobolea vitambaa, unatembea kama una chujio kichwani," bibi alieleza. "Hiki hakitoboi."

Golbahar alimkumbatia bibi yake na kukibana kidevuni papo hapo. Tangu siku hiyo hakukivua ila wakati wa kulala.

Kesho yake majaribio ya mara tano yakaanza. Kazi waligawana. Sudabe alishika sumaku na kuosha unga, Golbahar akaupima na kuandika daftari. Macho yake hayakuona vizuri, kwa hiyo aliinama juu ya mizani mpaka pua yake ilikaribia kugusa kioo.

Mara ya kwanza walitumia miligramu mia mbili za unga, wakapata fuwele tisini na nne kwa mia. Walirukaruka. Lakini Golbahar alipoupima unga uliokauka, mizani ilisema mia moja na sabini. Mara ya pili fuwele zilikuwa tisini na moja, na unga ukabaki mia moja arobaini na moja. Mara ya tatu, fuwele themanini na sita. Mara ya nne, themanini na moja. Unga nao ulizidi kwenda, na hakuna aliyejua unakwenda wapi.

"Unamwaga wewe!" alisema Sudabe.

"Mimi? Wewe ndiye unayeosha kama unafua blanketi!"

"Basi labda unaliwa na paka wako."

Walicheka, lakini Golbahar alirudi nyumbani akiwa na wasiwasi. Bibi alimpokea mlangoni, akakivuta kitambaa chake na kukikunjia uso.

"We mtoto, huko mnasoma au mnachoma mkaa? Tazama masizi haya shingoni! Jana nimekifua, leo kimekuwa kama sufuria."

"Vumbi tu, bibi," alisema Golbahar, mawazo yake yakiwa mbali.

Siku ya mara ya tano ilifika. Sudabe alikwenda kuleta chai na Mwalimu Mandana alikuwa ofisini akizungumza kwa simu. Golbahar aliupima unga peke yake. Miligramu themanini na sita! Haukufika hata nusu ya ule walioanza nao. Hakuhitaji kuwa profesa kujua kwamba fuwele hazingefika themanini kwa mia. Aliiona Shiraz ikienda zake, na Sudabe akienda zake Tabriz.

Juu ya rafu kulikuwa na chupa ya unga mpya, ambao haujawahi kutumika. Golbahar aliutazama mlango. Akachota kwa ncha ya kijiko, akatia. Akachota tena. Ndani ya daftari aliandika namba aliyoitoa kichwani: mia moja na kumi. Sudabe aliporudi na vikombe, mambo yalikuwa yamekwisha.

"Mbona umeduwaa hivyo?" aliuliza Sudabe.

"Njaa," alisema Golbahar.

Saa mbili baadaye walipima fuwele. Tisini na tano kwa mia! Sudabe alipiga yowe lililowatoa wanafunzi wa vyumba vingine. Alimbusu Golbahar mashavu yote mawili, akampigia simu mama yake, shangazi yake na binamu yake wa Isfahan.

"Tunakwenda Shiraz! Ndiyo, mimi na Golbahar! Kwani nani mwingine?"

Golbahar alitabasamu mpaka taya zikamuuma.

Mwalimu Mandana alikuja, akavaa miwani yake na kulisoma daftari polepole. "Tisini na nne. Tisini na moja. Themanini na sita. Themanini na moja. Tisini na tano." Akainua macho. "Mashallah! Unga wenu ulikuwa unazeeka vizuri, ghafla umepata ujana. Mimi nina miaka hamsini na miwili, na goti la kulia linanisumbua. Hebu nipeni siri yake na mimi niunywe."

Sudabe aliangua kicheko. Golbahar naye alicheka, lakini alichelewa kidogo, na Mwalimu Mandana aliona.

"Sikuulizeni leo," alisema Mwalimu, akilifunga daftari. "Kesho mnielezee. Shiraz watauliza swali hilo hilo."

Jioni hiyo mama alipika mchuzi wa kamba wa ukwaju na majani, chakula ambacho Golbahar angekifuata hata juu ya mlima. Alikula vijiko vitatu tu. Mama alimshika paji la uso, baba akamuuliza kama sumaku ya spika imewafaa, na bibi akanung'unika tena juu ya masizi. Wote walikuwa wema kwake, na wema wao ulimchoma zaidi. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na ya Golbahar ilikuwa imefika ukutani siku ile ile.

Kesho yake aliingia Nyumba ya Utafiti bila mfuko wa maganda. Hakuvua hata koti. Alisimama mbele ya Mwalimu Mandana na Sudabe, akasema yote kwa pumzi moja.

"Niliongeza unga mpya. Jana, Sudabe alipokwenda kuleta chai. Uliobaki ulikuwa themanini na sita tu, nikaona hatutafika. Mia moja na kumi niliyoiandika ni ya uongo. Sudabe hajui lolote, Mwalimu. Ni mimi peke yangu."

Sudabe alimkodolea macho. "Unatania."

"Sitanii."

"Golbahar! Nimeiambia dunia nzima! Shangazi amekwisha kuniazima sanduku la safari! Na mimi nimekuwa nikiruka kama chizi hapa, na wewe unanitazama tu?" Machozi yalimlenga. "Ungeniambia tu unga umekwisha. Ningekasirika, halafu tungefikiri wote. Siku zote si tunafikiri wote?"

"Nilitaka twende pamoja kabla hujahama."

"Ndiyo, nami nilitaka. Lakini si hivyo," alisema Sudabe, akageuka dirishani.

Golbahar alilichukua daftari, akashika ule ukurasa ili auchane. Mwalimu Mandana aliuzuia mkono wake.

"Hapana. Daftari la mwanasayansi halichanwi. Piga mstari mmoja, namba iendelee kusomeka. Chini yake andika ulichofanya, kisha weka sahihi yako."

Golbahar aliandika. Ulikuwa mstari mfupi lakini ulimchukua muda mrefu kuliko insha. Alipomaliza aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo Shiraz basi, Mwalimu?"

"Kwa namba hizi, basi. Orodha ya makundi inafungwa baada ya siku sita." Mwalimu alikunja mikono ya koti lake jeupe. "Ila kuna jambo linalonikera kuliko uongo wako. Unga hauna miguu. Ulikuwa unakwenda wapi? Mngeniuliza siku ya kwanza tungeutafuta siku ya kwanza. Haya, fanyeni kama mnavyofanya kila siku, mimi nitakaa hapa nitazame."

Sudabe alimimina unga mkavu juu ya karatasi. Golbahar alikwenda kwenye mizani, akaweka karatasi na kuinama kama kawaida yake, pua karibu na kioo. Mwalimu Mandana alikuwa amekaa ubavuni, macho yake sawa na meza.

"Tulia hapo hapo!" alisema ghafla. "Usiinuke! Usipumue! Sudabe, njoo huku uone."

Sudabe alisahau hasira, akainama kando ya Mwalimu. Chini ya kidevu cha Golbahar, chembe nyeusi za unga zilikuwa zikiruka moja moja kutoka kwenye karatasi, zikapanda juu na kugandama kwenye kibanio cha kitambaa. Kibanio cheusi kilikuwa kimeota ndevu nyeusi juu ya kitambaa cheusi. Mwenyewe asingeweza kuziona bila kioo.

"Yarabi!" Sudabe alishika kinywa. "Mwizi amevaa kitambaa chako!"

"Nini? Kuna nini?" aliuliza Golbahar, bado ameinama.

"Una ndevu, Golbahar! Umeota ndevu!"

Kicheko cha Sudabe kilipasuka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mwalimu Mandana alicheka mpaka miwani ikamdondoka, na Golbahar alipojiona kwenye kioo, akacheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Masizi!" alisema. "Bibi aliniambia kila siku nina masizi shingoni!"

"Tumeutengeneza unga unaopenda sumaku," alisema Mwalimu akijifuta macho, "halafu tukaja kuupima tumejifunga sumaku shingoni. Na mimi nimekaa humu siku zote hizi sikuona. Kosa hilo tuligawane."

Golbahar alikivua kibanio na kukifungia ndani ya droo ya mbali. Aliazima pini ya Sudabe. Sudabe alimfunga mwenyewe, akaibana kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

"Bado nimekukasirikia," alisema.

"Najua."

"Mpaka kesho kutwa."

"Sawa."

"Haya, lete maganda."

Walianza upya kutoka mwanzo kabisa. Kwa siku tano walifika kabla ya wenzao na kuondoka baada yao. Mwalimu Mandana alikubali kufungua mlango hata Ijumaa, siku ya mapumziko, akalalamika kutwa nzima huku akiwaletea biskuti. Safari hii unga haukutoroka. Mara ya tano walibaki na miligramu mia moja themanini na nane, na fuwele zilikuwa themanini na nane kwa mia. Hazikuwa tisini na tano. Golbahar aliitazama namba ile, akaona hajawahi kuona namba nzuri kama hiyo.

"Iandike basi, mbona unaitazama kama mchumba?" alisema Sudabe.

Basi la Shiraz liliondoka alfajiri, na wasichana wawili waliimba njia nzima mpaka dereva akaomba amani. Ndani ya ukumbi wa maonyesho, jaji mmoja, mama mwenye mvi na sauti nzito, alilifungua daftari lao na kukuta ukurasa wenye mstari.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

Sudabe alimtazama Golbahar. Watu walikuwa wamezunguka meza, na uso ulimwaka Golbahar. Lakini alijibu.

"Hapo nilidanganya, mama. Niliongeza unga mpya ili namba ipendeze. Nikakiri, tukatafuta unga ulikokuwa ukipotelea. Ulikuwa ukipotelea hapa."

Akakitoa kibanio cha bibi mfukoni, akakipitisha juu ya unga mkavu. Chembe ziliruka, kibanio kikaota ndevu, na ukumbi ukaangua kicheko. Jaji naye alicheka. Kisha akaigusa shingo yake, akakivua kibanio chake mwenyewe cha sumaku na kukitia mkobani.

"Nimefundisha kemia miaka thelathini," alisema. "Leo nimepata jambo la kwenda kuwaambia wanafunzi wangu."

Hawakupata nafasi ya kwanza. Hiyo ilikwenda kwa kundi la Yazd lililosafisha maji kwa maganda ya komamanga. Wao walipewa cheti cha daftari bora la maabara, na Sudabe alipiga yowe lile lile la siku ile, ila sasa Golbahar alipiga pamoja naye.

Wakati wa kurudi, Mwalimu Mandana alikaa kiti cha mbele yao, akawageukia.

"Sikilizeni, binti zangu. Unga wetu ulizeeka kidogo kila mara, na hilo si aibu, ndivyo ulivyo ukweli. Ile namba nzuri ya uongo ilifunika tundu, na unga ungeendelea kuvujia hapo milele. Golbahar aliposema kweli ndipo tulipoliona. Kosa likisemwa, watu wengi hulitazama. Likifichwa, anabaki nalo mtu mmoja gizani, na peke yake haliwezi."

"Nimeelewa, Mwalimu," alisema Golbahar.

"Mimi ninayekwenda Tabriz je?" aliuliza Sudabe. "Nani atanisaidia kuyatazama makosa yangu?"

"Utaniandikia," alijibu Golbahar. "Yote. Bila kuchana."

Nyumbani, mazulia yalikuwa yamerudi mahali pake na nyumba nzima ilinukia sabuni. Golbahar alimwonyesha bibi yake cheti, akamweleza kisa chote, cha unga, cha uongo na cha kibanio. Bibi alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kiuno.

"Kwa hiyo mwalimu mzima na wanasayansi wawili wamehangaika siku zote hizo kuutafuta unga," alisema, "na mimi nilikuwa nikiufua kila jioni kwa sabuni?"

"Ndiyo, bibi."

"Na nilikwambia, au sikukwambia?"

"Uliniambia, bibi. Laiti ningekusikiliza."

Bibi alikichukua cheti, akakitundika ukutani juu ya televisheni, akarudi nyuma kukitazama kama kimenyooka.

"Basi mwakani," alisema, "na jina langu liandikwe."